Thread Mia Mbili za Ghala la Kibaoni

Mimi niliishia darasa la saba, kompyuta nikaja kujifunzia kwenye kibanda cha fundi simu pale Shanwe. Kwa hiyo bosi wa ghala la mpunga Kibaoni aliponipa kazi ya kutunza seva yake, watu walicheka. Hata mimi nilicheka, ila nilicheka nikiwa nimeshaajiriwa.

Seva yenyewe ni kompyuta moja imekaa chini ya meza ya karani. Karani anabonyeza "Pima", programu inasoma kilo kutoka kwenye mizani, inaandika, basi. Ndani ya seva kuna vitu vinaitwa thread. Wewe zichukulie kama wahudumu wa mgahawa: kila ombi likiingia linachukua mhudumu mmoja, likiisha anarudi kungoja lingine. Mimi niliweka kumi.

Mavuno yalipoanza, ikifika saa nne asubuhi programu inaganda. Kiduara kinazunguka tu, hata kompyuta ya dirishani, wanapoandikishwa wakulima, nayo kimya. Nazima, nawasha, inapona, baadaye inaganda tena. Nikajiona mjanja, nikapandisha thread mpaka mia mbili. Siku hiyo ikaganda saa saba badala ya saa nne, na kompyuta ikawa ya moto mpaka paka wa ghalani akahamia juu yake.

Bosi akanijia.

"Dogo, nimeshaongea na mtaalamu wa Mbeya. Kesho seva isipomaliza siku bila kuganda, anapanda basi."

"Na mimi, bosi?"

"Unarudi kwenu Magamba. Mahindi hayagandi."

Utani ukaniisha. Kesho yake ilipoganda sikuizima. Niliiamuru seva initajie kila thread imekwama wapi. Ikatema orodha ndefu, nikashuka nayo kwa kidole. Ya kwanza: inasubiri mizani itulie. Ya pili: inasubiri mizani itulie. Mpaka chini, jibu ni hilohilo! Kumbe wahudumu wote mia mbili wamejazana kwenye meza moja, wateja wengine hawana wa kuwasikiliza.

Nikatoka kwenda kwenye mizani. Bibi mmoja alikuwa ameshika sikio la gunia lake. Wazee wa huku ndivyo wanavyopima, gunia lako huliachii mpaka kilo zisomwe. Akivuta pumzi namba inapanda, akikohoa inashuka. Na karani akiona kimya anabonyeza tena, na tena. Kila akibonyeza, mhudumu mmoja kaenda kusimama kwenye mizani.

"Shikamoo bibi. Naomba uliachie gunia kidogo."

"Marahaba. Niliachie liende wapi?"

"Haliendi popote. Mashine inataka litulie."

"Limetulia tangu kwangu. Mashine yako ndo haina adabu."

Foleni ikacheka, karani naye yumo.

"Na wewe unacheka nini? Umebonyeza mara ngapi?"

"Sasa mimi nijue? Nilidhani haisikii!"

Nikarudi chini ya meza, nikamfukuza paka, nikaandika mambo mawili. Mizani isipotulia ndani ya sekunde kumi, thread iondoke, imwambie karani "Mzigo haujatulia". Na kitufe kikishabonyezwa kilale mpaka jibu lirudi. Thread nikazishusha zikabaki ishirini. Nikawasha.

Bibi hakuachia. Ujumbe ukatoka, karani akausoma kwa sauti. Wakati huo dirisha la wakulima linaendelea kuandikisha kama hakuna kilichotokea, nikajikaza nisirukeruke. Ujumbe ulipotoka mara ya tatu, foleni nzima iliuimba kama kwaya ya Jumapili: "Mzigo haujatuliaaa!"

"Haya, nyie wenye haraka!" Bibi akachomoa mkono, akaufungia kwenye khanga. Kilo zikaingia hapohapo.

Tukafunga ghala jioni bila seva kuganda tena. Bosi akapiga simu mbele yangu.

"Mtaalamu, usije. Hapa tunaye mmoja."

Nikasikia sauti ikiuliza ni wa chuo gani. Bosi akanikagua kuanzia nywele zilizojaa vumbi mpaka ndala zenye pumba.

"Wa hapahapa," akasema, akakata.