Mama mkwe alikubali kufundisha nyimbo shuleni kwangu, sharti nisionekane

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi humu huwa nasoma na kupita. Leo nina la kwangu, naliweka kama lilivyotokea. Wale wa kudai picha mnisamehe, sina.

Ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali huku Nyamwaga, Tarime. Kwetu Masasi. Nilipangiwa huku, nikaoa huku. Mke wangu Rhobi ni Mkurya wa hapahapa.

Sasa kwetu mama mkwe ni mama. Anakupikia, mnapiga stori. Huku mkwe na mama mkwe hawatazamani. Hamli pamoja, hampeani mikono. Rhobi aliniambia ni heshima. Nikaitikia, ila moyoni sikuamini.

Niliamini mama yake hanitaki kwa kuwa mimi ni mtu wa kuja.

Kuna siku nilimkuta njiani na mzigo wa kuni. Nikamkimbilia nimpokee, shikamoo iko mdomoni. Mama wa watu akatupa kuni, akaingia kwenye mahindi. Nikabaki mimi na kuni.

Niliumia, wakuu. Miaka sita ya ndoa nilikuwa na hicho kidonda.

Basi, kikundi cha sanaa kutoka Musoma kikakubaliana na shule yetu. Wao walete ngoma na mavazi, kijiji kitoe mtu anayejua nyimbo za zamani, shule itoe darasa na mwalimu wa kusimamia. Msimamizi nikawa mimi. Mtu wa nyimbo, kijiji kizima kikamtaja mama yake Rhobi.

Akatuma jibu: mkwe akiwepo, haimbi.

Neema, dada aliyeongoza kile kikundi, akasema basi atafutwe mama mwingine, maana bila msimamizi programu haiendi. Nikaona huyu mama anakosa kazi anayoiweza kuliko wote, na sababu ni mimi. Si ndiyo atanichukia moja kwa moja?

Nikasema, "Mwacheni afundishe. Mimi nitakaa darasa la jirani."

Kuta za madarasa yetu hazifiki kwenye bati, unasikia kila kitu.

Kila Jumatano baada ya vipindi nikawa nasahihisha madaftari huku namsikia. Miaka sita sikuwahi kumsikia akiongea zaidi ya maneno mawili. Kumbe ana utani huyu mama. "Wewe, unaimba au unafukuza nyani shambani?" Watoto hawana mbavu, na yeye anacheka kuliko wao, kicheko kirefu cha kukatika pumzi. Mimi kule nimeziba mdomo.

Niseme ukweli, nilikuwa naona wivu. Watoto wa watu wanampata mama mkwe wangu, mimi napata ukuta.

Siku ya maonyesho wazazi walijaa uwanjani. Nikakaa nyuma kabisa na Rhobi nisije nikamharibia. Yeye alisimama mbele akiwatazama watoto, sisi katupa mgongo.

Nyimbo zote nilizijua, isipokuwa ya mwisho. Watoto walikuja kuniambia aliwafundisha wiki niliyokwenda semina mjini, akawakataza wasiniambie.

Kikurya chake kilikuwa kizito. Nikamuuliza Rhobi wanasema nini. Naye kashaanza kulia.

"Wanasema, aliyemchukua binti yetu alitoka mbali. Binti hajawahi kurudi kwetu analia. Watoto, mwambieni mwalimu wenu nimemwona."

Wakuu, nililia mbele ya wanafunzi ninaowaambia kila siku wasilie ovyo. Mama hakugeuka.

Nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kukupenda miaka yote kwa desturi yake, wewe ukaandika moyoni kuwa ni chuki. Na walimu wenzangu, wasanii wakija shuleni msikimbilie kusema wanakula vipindi. Neema na wenzake hawajui walichoifanyia nyumba yangu.

Wakurya mliomo humu, nirekebisheni nilipoteleza. Na mliooa au kuolewa mbali na kwenu, nyie mlimsoma vibaya nani? Karibuni.

Halafu nimesahau hili. Juzi nimemkuta tena njiani na kuni. Safari hii nikawahi mimi kuingia kwenye mahindi, nikageuka nyuma, nikampisha.

Alipofika usawa wangu nikamsikia anacheka, kile kicheko cha Jumatano.