Upande Wangu wa Vazi Jeupe

Madam wangu alikuwa fundi cherehani kutoka Japani, mjane asiye na mtoto, na chumba chake cha kushonea kilikuwa ghorofani, katika mtaa wa Al Nahda, huku kwa Waarabu. Cherehani yenyewe aliidharau kama jamaa mvivu. Alipenda sindano ya mkono, na tambara lililochakaa alilitia nakshi mpaka ukatamani nguo yako ichanike.

Alipoambiwa hospitalini kwamba ugonjwa wake hauna dawa, alinunua kitambaa cheupe. Alipoanza kukishona, nikaona ncha ya uzi haina fundo. Bibi yangu kule Mombasa alikuwa akishona sanda za mtaa mzima, naye hakupiga fundo.

"Madam, hii ya nani?"

"Yangu." Akanisogezea upande wa pili. "Kwetu haishonwi na mtu mmoja. Yalla, kaa."

"Lakini bado u hai!"

"Ndiyo maana nitaikagua kazi yako."

Nilikasirika, nikaenda kuosha vikombe ambavyo nilikuwa nimekwisha kuviosha. Lakini angemwita nani mwingine? Na mimi, siku yangu ikifika, ningemwita nani? Nikarudi, nikaketi. Jua la mchana lilijaa chumbani, na miguu yangu ilikuwa baridi. Akanieleza kuwa uzi wa maiti haufungwi ili aende zake, asinase huku duniani.

Nilipofika mwisho wa upande wangu nikapiga fundo. Kusudi kabisa, mbele ya macho yake. Nilimpenda, sikutaka aende.

"Fungua," akasema.

"Sifungui."

Alikuwa mtu wa kufumua mshono mzima kwa kosa moja, na mkasi ulikuwa karibu yake. Aliligusa fundo kwa ukucha, akalikunja vazi.

"Khalas."

Alipofariki, mimi na muuguzi wa hospitali tulimvika hivyo hivyo, na fundo langu.

Sasa chumba nakiendesha mimi. Asubuhi nikifungua mlango nakuta pasi ni ya moto, na waya wake haujachomekwa ukutani. Mishono yangu iliyopinda naikuta imefumuliwa. Mwanzoni nilisoma kila dua niliyofundishwa. Siku hizi namsalimu, naketi kazini.

Leo nimekuta mezani kitambaa cheupe, kimekatwa kwa kimo changu. Upande mmoja umekwisha kushonwa, na uzi wake hauna fundo. Nimeogopa, sikatai. Lakini nimechukua sindano.