Ngano ya Arobaini ya Velko

Velko alikuwa fundi wa paa, na pale kijijini kwetu Gorno Lesko ni yeye peke yake aliyethubutu kupanda mnara wa kanisa. Alipoachana na mkewe Snezha, mahakama ilimwamuru atoe matunzo ya binti yao Kalina kila mwezi. Hakutoa. Alifanya kazi za kulipwa mkononi, akawa leo yuko huku kesho kule, barua za mahakama zikarudi bila kufunguliwa. Mwishowe akaaga kwamba anakwenda Uhispania.

Mwezi wa tatu tukaona karatasi ya tanzia yenye ukingo mweusi kwenye lango la mama yake, Bibi Rada, na nyingine kituo cha basi. Ilikuwa na picha ya Velko na maneno kwamba ameanguka kutoka jengoni huko ugenini, akazikwa hukohuko. Siku ya arobaini Bibi Rada alipita nyumba kwa nyumba na ngano ya kuchemsha iliyotiwa sukari. Tukala, tukamwombea marehemu. Mimi nimepakana naye ukuta kwa ukuta, na nilikuwa nimeshasikia kikohozi cha Velko upande wa pili. Nilikula hivyohivyo.

Siku hiyohiyo Snezha alikuja kutoka mjini na Kalina, aliyekuwa na miaka tisa. Mtoto akawasha mshumaa chini ya ile picha, akaukinga upepo kwa kiganja. Kisha akainua macho kwenye dirisha la juu.

"Mama, baba yumo mle ndani," alisema taratibu.

"Baba amekufa, mwanangu."

"Najua. Lakini ananiangalia."

Snezha alimshika mkono wakaondoka bila kugeuka. Barabarani tulikuwa zaidi ya watu kumi, na sote tulikuwa tumeona pazia likisogea.

Hatukuitisha kikao cha kuamua lolote. Lakini kiangazi kilipofika, Velko akachoka kujificha, akatoka mchana kweupe kwenda dukani kwa Tsveta. Akaomba sigara. Tsveta akamuuliza mteja aliyesimama nyuma yake anataka nini.

"Tsveta, acha utani bwana."

Tsveta akajifunga sweta, akasema kumeingia baridi ya ghafla.

Wanaume waliokaa kwenye benchi nje ya duka walisogeleana mpaka nafasi yake ikajaa. Mimi aliniita kwa jina, nikaendelea kumwagilia nyanya. Mwanzoni niliona aibu. Baadaye niliingiwa na hofu, maana kadiri siku zilivyokwenda sikuwa naigiza tena. Sauti yake ilinifikia kwa mbali, kama redio ya nyumba ya tatu, na nilijikuta nikisahau kama amepita.

Kilichomvunja alikuja kunisimulia mwenyewe. Siku moja alishuka jikoni saa sita mchana, akamkuta mama yake na nguo zake nyeusi, mezani kuna bakuli moja tu la supu ya maharage.

"Na mimi je, mama?"

Bibi Rada akafanya ishara ya msalaba, akaendelea kula. Velko aliogopa kuuliza mara ya pili.

Kesho yake alikwenda mahakamani, akasema yeye ni Velko na yu hai. Kitambulisho alikuwa amekichoma mwenyewe, kwa hiyo karani akataka mtu wa kumtambua. Kijijini hakuna aliyekubali kwenda. Aliyekwenda ni Snezha.

"Ndiye," alimwambia karani, bila kumtazama Velko. "Miaka mitatu hajamnunulia mtoto hata kiatu. Aanzie hapo."

Siku hizi ana mwajiri, na matunzo hukatwa kabla mshahara haujamfikia. Salamu tulimrudishia mmoja mmoja, Tsveta akiwa wa mwisho. Bibi Rada hajavua nguo nyeusi, na hatujui ni kwa ajili ya nani.

Kalina sasa ana miaka kumi na minne. Pasaka iliyopita alikuja kumwona bibi yake, na Velko akamnyooshea yai lililopakwa rangi nyekundu, kama ilivyo desturi ya sikukuu hiyo. Msichana hakulipokea papo hapo. Kwanza alimgusa baba yake mkononi kwa ncha ya kidole, kama mtu anayepima joto la pasi, akakiacha pale kwa muda. Velko hakutikisika. Kisha Kalina akachukua yai, akasema asante, akaenda kukaa upande wa pili wa uwanja.