Siki ya Mwalimu Audax

Mwalimu Audax alifika kisiwani, Kilindoni, kutoka Karagwe akiwa na begi moja, cheti cha kufundisha jiografia na ulimi wa kawaida. Ulimi uliharibika mwaka wa pili, alipoanza kununua kifurushi cha intaneti cha mwezi mzima na kutazama watu wanaozungusha mvinyo kwenye glasi kama wanatafuta kitu kilichozama humo.

Baada ya miezi sita akawa na ukurasa wake, Glasi ya Audax. Wafuasi wengi walikuwa wanafunzi wake wa zamani, waliomfuata ili wacheke. Humo alisimulia mvinyo aliokunywa na, kwa ufasaha uleule, mvinyo ambao hajapata kuuona. Mwaka jana alitangaza kuwa mwekundu umepitwa na wakati. Mwaka huu majarida yakasema umerudi, naye akaulaki kana kwamba alikuwa akiungoja gatini tangu alfajiri.

Kisha mashindano fulani ya mvinyo ya Dodoma yakatafuta jaji mpya. Waombaji walitumiwa chupa sita zisizo na lebo, zenye vifuniko vya kuzungusha na namba tu, kila mtu aandike alichoonja. Audax aliutaka ujaji ule kuliko alivyowahi kutaka uhamisho, na walimu wa visiwani wanajua uzito wa maneno hayo.

Chupa zilihitaji baridi. Friji ilikuwa ya mwenye nyumba wake, Bi Somoe, muuza pweza, mwanamke wa swala tano ambaye pombe isingevuka kizingiti chake.

"Shikamoo, Bi Somoe. Naomba nafasi ya siki."

"Marahaba. Siki chupa sita? Unafungua kiwanda cha achari, mwalimu?"

"Ya kupima tu. Naonja, naandika ipi nzuri."

"Kumbe kuna watu wana kazi hiyo! Haya, weka. Pweza wangu usimsogeze."

Siku ya tatu alijifungia chumbani na chupa zake. Ya kwanza ilikuwa na ngozi ya kiti kipya, aliandika mtu ambaye hajawahi kumiliki kiti kipya. Ya pili ilikuwa msitu baada ya mvua, na huzuni kidogo. Ya tatu ikamsimamisha. Ilikuwa na chumvi. Chumvi kabisa, na nyuma yake ndimu.

Miaka miwili alikuwa akisoma kuhusu chumvi ya mwamba ambayo mabingwa huionja kwenye mvinyo, akiitikia kwa kichwa kwa adabu bila kuionja. Leo imemjia mwenyewe! Akajaza ukurasa mzima juu ya shamba lililokuwa chini ya bahari miaka milioni iliyopita. Jiografia ikapata kazi hatimaye. Zile tatu za mwisho alizipa matunda yaliyosalia.

Jibu lilikuja baada ya wiki, mistari miwili. Chupa zote sita zilijazwa kutoka pipa moja, asubuhi moja. Walikuwa wanatafuta mtu atakayeligundua hilo. Ahsante kwa kushiriki.

Aibu ya chupa tano aliimeza. Lakini ya tatu! Akakaa barazani na simu, akaandika malalamiko: chupa yenu ya tatu ni tofauti, ipelekeni ikapimwe, ulimi wangu haudanganyi.

Bi Somoe alikuwa pembeni akimponda pweza.

"Mwalimu, ile siki namba tatu ilikufaa?"

"Kwa nini hiyo?"

"Nilifungua nikainusa. Haina ukali hata chembe! Nikasema, masikini, mtoto wa watu kauziwa maji. Nikakamulia ndimu mbili, nikatia na kijiko cha chumvi, nikatikisa."

Audax akatazama simu. Mara moja tu maishani ulimi wake ulikuwa umesema kweli, na shahidi wake pekee angemtolea godoro nje kabla ya adhuhuri akijua alitikisa nini. Akafuta malalamiko yote, neno kwa neno.

"Ilifaa, Bi Somoe. Kuliko zote."

"Si nilijua! Kalete na hizo zilizobaki, nikurekebishie."

Akainuka, akaenda kuzileta.