Buni ya Punje Moja

Kicheko cha kwanza nilikisikia mchana, wakati ambao kijiji chetu cha Rubafu hakina kicheko cha mtoto kwa sababu watoto wote wako shuleni. Kilitoka kibanjani, kule nyuma ambako migomba imesongamana. Nilidhani ni redio ya jirani. Nikatega sikio tena. Alikuwa binti yangu. Alicheka, akanyamaza kidogo kama mtu anayesikiliza, kisha akacheka tena.

Alikuwa na miaka tisa na alikuwa akisomea nyumbani. Ana selimundu. Baridi ya ziwani ikimpiga, au akikimbia sana, mifupa humuuma mpaka anashindwa hata kulia. Shule iko juu kilimani, na kila muhula ulimkuta wodini. Mimi nilikuwa nimefundisha shule ya msingi Bukoba mjini kabla ya kuhamia huku kwa wazazi wa mume wangu, basi tukakubaliana nimfundishe mwenyewe barazani. Hesabu na sayansi hazikunisumbua. Kilichonishinda ni mtoto mwenzake wa kucheza naye.

Usidhani sikujaribu. Shule ya Jumapili nilimpeleka, kwaya ya watoto nilimwandikisha. Wenzake walimpisha kwenye benchi kwa adabu, kama anavyopishwa askofu, halafu ibada ikiisha wanatimua mbio kwenda mtoni, wanamwacha amesimama na kitabu chake cha nyimbo. Jirani mmoja alinieleza kwa upole kwamba watoto wanaogopa: akifa katikati ya mchezo, watalaumiwa wao. Nilimjibu vibaya, na sijutii.

Neno lililoanzisha mambo lilitoka kwa mama mkwe. Asubuhi ya siku ile ya kicheko mwanangu alimuuliza rafiki anapatikanaje, na bibi, ambaye Kiswahili kwake ni cha ukubwani, akamjibu kuhusu munywani. Kwa Kihaya munywani ni rafiki tu, lakini kwa wazee ni zaidi ya hapo: ni mtu uliyekula naye kahawa mkafanya omukago, udugu wa damu. Unachuma buni moja iliyoiva. Ndani mna punje mbili zimelala tumbo kwa tumbo. Mnazipaka damu, wewe unakula moja, mwenzio anakula nyingine, na tangu hapo hakuna wa kumkatalia mwenzake lolote. Akiomba, unatoa. Akiita, unakwenda. Bibi alidhani anasimulia mambo ya kale. Mjukuu alidhani anapewa maelekezo.

Jioni nikimnawisha niliona tundu la pini kidoleni mwake. Akaniambia, uso umemng'aa, kwamba amepata munywani. Nikamuuliza ni mtoto wa nani. Akasema ni wa hapa hapa kwetu, anakaa kwenye mawe, pale chini ya mbuni mkubwa. Nikamuuliza huyo mwenzake alikulaje punje yake. Alisema aliiweka juu ya jiwe, akafumba macho kama mwenzake alivyomwagiza, na alipofumbua haikuwapo.

Mimi ni Mlutheri, tena nimefundisha sayansi. Nikasema ni kuku. Kuku wa nyumba hii wanakula hata sabuni. Lakini mama mkwe, aliyekuwa akimenya ndizi, aliweka kisu chini na hakukishika tena.

Tulipobaki wawili alinieleza. Yale mawe ni kaburi la binti yake, mtoto wake wa kwanza, aliyemtangulia mume wangu kuzaliwa. Alikufa mdogo, akililia mifupa, enzi ambazo hapa hakuna aliyeujua ugonjwa huo kwa jina. Mbuni ule aliupanda yeye mwenyewe upande wa kichwani. Mume wangu hakuwahi kunitajia habari hizo, na mwanangu hakuwahi kuambiwa na mtu.

"Hana ubaya, mwana wange," mama mkwe akasema. "Yuko peke yake tu."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mwenye ubaya utamfukuza kwa sala. Mpweke aliyeahidiwa kwamba akiita ataitikiwa, utamwambia nini? Na mwanangu alikuwa na ugonjwa ule ule. Niliona wazi kwamba nisipompatia rafiki aliye hai, na upesi, yule mwingine atanichukulia mtoto.

Mume wangu hununua dagaa katika visiwa vya Muleba na hurudi nyumbani mwisho wa wiki. Ndiye aliyenipa habari za mama mmoja Mjita, mchuuzi wa dagaa, anayehama kambi hadi kambi na binti yake. Kila mara walihama kabla mtoto hajazoea dawati, kwa hiyo mama alikuwa akimfundisha mwenyewe. Wakati huo alikuwa amepanga chumba Kashai, Bukoba mjini. Nikapanda bodaboda nikamfuata. Nilimkuta mtoto mlangoni akisoma kwa sauti maandishi ya gunia la unga, herufi kwa herufi, na nikampenda hapo hapo. Nilimweleza mama yake juu ya ugonjwa, sikuficha kitu. Habari za mawe sikuzisema, ningeanzia wapi? Tukakubaliana mtoto akae kwetu siku za wiki, nifundishe wawili.

Siku alipofika, mama mkwe alimpokea begi lake, akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Tukacheka wote.

Na mwenyeji alianza kupona. Wakawa wanagombania kifutio, wananuniana, wanapatana kabla chai haijapoa, na mimi nikiusikia ugomvi ule nilikuwa nikishukuru Mungu kimoyomoyo. Mgeni hakuogopa kitu. Mwanangu akichoka, naye anakaa chini. Akasema kisiwani kwao wagonjwa wapo na michezo ipo.

Haikuchukua muda mwanangu akataka kumfanya munywani. Wakaenda kwenye mbuni ule ule, nami nikawafuata kwa mbali nikijifanya naokota kuni. Binti yangu alichuma buni nyekundu, akaiminya. Ikatoka punje moja, ya mviringo. Akachuma nyingine. Punje moja. Na nyingine tena. Buni ya punje moja hutokea, kila mkulima anaijua. Tawi zima sijapata kuona.

"Yake ameshakula," mwanangu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Mgeni hakuzijua mila zetu. Aliing'ata ile punje, akaigawa vipande. Kimoja akampa mwanangu, kimoja akala, cha tatu akakiweka juu ya jiwe. "Basi na yeye," akasema. Niliganda pale na kuni zangu. Tangu siku hiyo nikikaa barazani nawasikia wakicheza mchezo wa makofi. Ni mchezo wa watu wawili, nimeucheza utoto wangu wote Muleba na mdundo wake naujua. Wa kwao ulikuwa na kofi moja zaidi.

Masika yalipokolea, mwanangu akaugua vibaya. Gari tulilolipigia simu lilikuwa limekwama kwenye tope, na dereva akatuambia tusubiri. Tulimpa dawa, tukamfunika, tukamkanda kwa maji ya moto. Macho yake hayakutoka kwenye dirisha la upande wa migomba.

"Mama, ananiita," akasema. "Na mimi siruhusiwi kukataa."

Nikamshika mikono nikasali kwa nguvu. Mgeni, aliyekuwa amekaa sakafuni kando ya kitanda, akainuka akatoka mvuani bila kandambili. Nilimwona dirishani amesimama mbele ya mawe, mkono kiunoni kama mama yake anapobishana na wateja. Aliongea. Akanyamaza, akasikiliza. Akatikisa kichwa, akaongea tena. Aliporudi ndani maji yakimchuruzika, binti yangu alikuwa amelala na pumzi zimetulia.

"Amekubali," akaniambia. "Nimemwambia huyu anaumwa, asimwite. Akitaka mtu, aniite mimi."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika umri wangu wote hakuna aliyewahi kunieleza huyo mgeni naye huwaje. Nilimkumbatia na maji yake, nikalia, naye akadhani nalia kwa furaha. Alikuwa mtoto wa mwenzangu, na mimi ndiye niliyemtoa Kashai.

Mvua ilipokatika, kabla gari halijafika, nilikwenda mwenyewe. Nikapiga magoti kwenye tope, maana kwa haki yule alikuwa wifi yangu, tena mkubwa, na sikuwa nimewahi kumsalimia. Nikamsalimia. Nikachuma buni, nikaiminya, na zikatoka punje mbili, tumbo kwa tumbo. Nikatoa pini kwenye kanga nikajichoma kidole.

"Waitu wifi," nikasema kwa heshima ya Kihaya, "hao ni watoto, waache wacheze na wewe ucheze nao. Siku ukitaka mtu wa kumwita, niite mimi."

Nikala punje yangu, ilikuwa chungu. Ya pili nikaiweka juu ya jiwe, nikafumba macho.

Nilipofumbua haikuwapo. Kuku wote walikuwa bado wamefungiwa bandani kwa sababu ya mvua.