Betri Chini ya Blanketi

Wenzangu mliokwenda shule pekupeku, kiazi cha kuchoma mfukoni na umande wa nyasi ukiwalowesha mpaka magotini, nyinyi ndio mtanielewa. Juzi mjukuu wangu Mogaka alinipigia simu kutoka Nairobi. Anajiundia kompyuta nyumbani, anachagua vipuri kimoja kimoja ili apate mashine yenye nguvu nyingi kwa bei ya mtu wa kawaida. Akanisomea orodha kwa madaha: ubao mkuu, kadi ya picha, feni tatu zenye taa za kubadilika rangi. Nikamuuliza, na kitakacholisha umeme hayo yote? "Aa, nyanya, pawasaplai nitaokota tu yoyote ya bei rahisi. Hizi vitu wewe huwezi jua." Huwezi jua! Mimi Kerubo, niliyeunda redio nikiwa darasa la sita!

Miaka ile ya sabini mwanzoni, kilima chetu karibu na Nyakoe hakikuwa na redio hata moja. Redio ilikuwa ng'ambo ya mto, kwa mwalimu mkuu, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Sisi tuliridhika na kuruka kamba, kuchuma pareto kabla ya kengele ya shule na kuiba ndizi mbivu zilizofukiwa shimoni. Halafu ikaja barua. Shangazi Nyaboke, kitinda mimba wa bibi yangu, alikuwa akisomea uuguzi mbali, na kwa miaka miwili hakuwa amekanyaga nyumbani. Aliandika kwamba kwaya yao itasikika redioni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana, na yeye ndiye angeimba ubeti wa pili peke yake.

Bibi, Magokoro tulivyomwita, alikuwa na mguu uliovimba mpaka safari yake ndefu ikawa kutoka kitandani hadi mlangoni. Kuvuka mto asingeweza. Baba akaenda kumwomba mwalimu mkuu redio, akajibiwa kwamba redio ile haitembei. Magokoro aliposikia hivyo aligeukia ukutani, asitake hata uji. Ee Nyasae, Mungu wangu, ule mgongo wake niliuona! Nikasema mbele ya watu wote kwamba Magokoro atamsikia mwanawe hapo hapo kitandani. Kaka zangu walicheka mpaka wakajishika mbavu. Nikawaacha wacheke.

Nilikuwa na mtetea mmoja, mali yangu pekee duniani. Nikambeba hadi Mosocho, kwa fundi Owuor, mtu wa kutoka upande wa ziwa aliyekuwa na sanduku zima la redio zilizokufa. Nilimweleza shida yangu kwa Kiswahili changu cha darasani, akaniacha nipekue. Jamani, utamu wa kuchagua! Harufu ya vumbi na waya zilizoungua, na mimi nimepiga magoti kama niko sokoni nachagua nyanya. Nikapata ubao wa redio ambayo kasha lake lilikuwa limeungua lakini roho ilikuwa nzima. Nikapata kitufe cha kutafutia stesheni. Kwenye spika ndipo tulipokosana.

"Chukua hii ndogo," fundi akasema, "na nitakupa betri nne mpya. Ukichukua hiyo kubwa, nitakupa hizi zilizotumika kidogo. Kuku wako hawezi kununua vyote."

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye ile kubwa, pana kama sinia.

"Mtoto, redio ni kama mtu," akasema. "Kwanza uliza itakula nini."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikachukua kubwa. Hakubishana tena. Alinifundisha kulehemu, na jioni tatu mfululizo baada ya shule nilikaa kibandani kwake nikiunga waya ndani ya sanduku tupu la sabuni nililoligeuza kasha, moshi ukinichoma macho, vidole vimejaa malengelenge. Mara ya kwanza haikutoa hata mkoromo. Nikafungua, nikaanza upya. Mara ya pili ilikoroma tu. Nikafungua tena. Mara ya tatu mtu alisoma habari ndani ya sanduku langu la sabuni, na mimi nikalia hadharani bila aibu.

Basi, kiburi kikanipanda. Alhamisi, siku mbili kabla ya kwaya, niliifunga antena ya waya juu ya mkaratusi, nikafungulia sauti mpaka mwisho, watoto wa kilima kizima wakaja kucheza uani. Ijumaa pia. Jua lilipokuwa likizama ndipo sauti ikaanza kufifia, ikawa ya mtu anayeongea ndani ya mtungi. Betri zilikuwa zimekwisha. Na kwetu sisi Wasabato, Ijumaa jua likishazama ni Sabato: hakuna kulima, hakuna kupika, hakuna kununua. Duka la Nyakoe la mzee mmoja Mkatoliki lingefunguliwa kesho yake, lakini kununua betri siku ya Sabato? Ng'o! Magokoro mwenyewe asingeigusa hiyo redio.

Dawa ya betri tuliijua wote: kuzianika juani zipate uhai kidogo. Nikamuuliza Magokoro kama kuanika ni kazi. Akafikiri, akasema, "Anayefanya kazi ni jua. Wewe weka tu." Jumamosi kukapambazuka na wingu zito, na mvua yetu ya Kisii mnaijua, haina adabu. Wengine walipokwenda kanisani, mimi nilibaki na betri nne baridi mkononi. Kuziweka motoni nilikatazwa na fundi, hupasuka. Nikazipulizia pumzi, nikazitia kwapani. Nilitaka kulia, ila nilikuwa nimetoa ahadi, na ahadi hailiwi na mvua.

"Zinataka joto tu?" Magokoro akauliza.

"Ndiyo, Magokoro."

"Zilete hapa. Kulala si kazi."

Akazikumbatia kifuani chini ya blanketi mbili, akafumba macho. Kwa saa nne nzima hakugeuka, na mguu ule ulikuwa ukimuuma.

Saa nane watu walikuwa wamejaa chumbani, kaka zangu mbele. Nikapachika betri zikiwa bado na joto lake, nikawasha kwa sauti ya chini kabisa. Kwaya ikaingia. Ubeti wa kwanza ukapita, kisha Shangazi Nyaboke akaimba peke yake, mle mle ndani ya sanduku langu la sabuni. Sauti ilianza kuzama. Magokoro akalivuta sanduku, akalibana sikioni mpaka neno la mwisho la ubeti. Halafu kimya. Redio ilikuwa imekufa.

Magokoro akaliweka sanduku chini taratibu. "Anakula," akasema. "Hajakonda, mwanangu." Akaomba uji wa jana.

Siku hizi sauti ya mtu unatembea nayo mfukoni kutwa kucha, na watoto hawa huizima hata kabla hujamaliza salamu. Juzi, Mogaka alipokuwa akinisomea orodha yake ya feni na taa, mimi nilikuwa nimeibana simu sikioni, namsikiliza mwenyewe. Sauti ilikuwa nyembamba. Nikamkatiza.

"Mogaka, umekula leo?"

Nikasikia magari ya Nairobi yakipita nyuma yake.

"Nilikuwa naweka akiba ya ile kadi ya picha, nyanya."

"Acha kadi. Nenda ule, kisha unipigie, nami nitakwambia tunaanzia wapi."