Jiko Chini ya Kitanda cha Mzazi

Enzi zetu pale Butiama, mvua ikinyesha siku tatu mfululizo tulijua kazi yetu: kukaa ndani, kula viazi vitamu vya kuchemsha na kugombania blanketi. Vijana wa leo wakishikwa na baridi wanapiga picha ya kikombe cha chai.

Mvua ya namna hiyo ilimkuta mama ametoka kujifungua mdogo wetu. Bibi, mama yake baba, akaja kutoka Buhemba kumwangalia mzazi. Alileta kuku wawili, unga wa ulezi na jiko la mkaa. Kwao mzazi hukandwa maji ya moto, hunyweshwa uji, na jiko huwekwa chini ya kitanda chake.

Baba, ambaye ni fundi mwashi, akamwambia Bibi, "Mama, jiko likae nje. Mkaa unamaliza hewa."

"Nimezaa saba. Wote nilikuwaga naweka jiko chini ya kitanda. Wewe ulikufa?"

"Nyumba yako ilikuwa ya nyasi, inapumua. Hii ni simenti, bati na dari."

"Basi dari lako limpashe mtoto joto."

Baba alipoenda kazini, Bibi akasukuma jiko chini ya kitanda na kuziba dirisha kwa gunia. Chandarua alikikunja juu kisiungue. Alikuwa mwangalifu sana.

Mchana mama akalalamika kuwa kichwa kinamuuma. Mtoto akaacha kulia.

"Mnaona?" Bibi akatuambia sisi watoto sebuleni. "Joto limemtuliza."

Akaingia na uji. Tukasikia bakuli likianguka. Akatoka ameegemea ukuta, mtoto mkononi, akipiga kelele tumtoe mama. Tulimburuta mama na godoro lake hadi barazani, upepo ukampiga, akafumbua macho.

Mtoto alikaa kimya. Bibi akampuliza usoni, akamtikisa mguu. Ndipo akalia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Walipofikishwa zahanati, nesi akasema jiko libaki nje kabisa, mtoto alazwe kifuani kwa mama yake na wafunikwe blanketi. Bibi akajibu, "Sawa, mwanangu."

Aliporudi kutoka zahanati alizunguka kila nyumba yenye mtoto mchanga, akisema, "Toeni jiko. Mimi nimekaribia kuua mjukuu wangu." Hakusingizia mvua wala mkaa mbichi.

Siku hizi kuna majiko ya gesi, na simu zinajua kila kitu. Lakini mtu mzima wa kukanyaga matope, nyumba kwa nyumba, akitangaza kosa lake mwenyewe, sijamwona tena.